Basi Lisilo na Moshi: Kwanza Tuulize Linakula Nini



Maneno juu ya mabasi yasiyotoa moshi yamekuwa mengi. Ukisimama stendi ya Mbale jioni ukingoja taksi ya kurudi Nakaloke, utamkuta kijana akiwaonyesha wenzake kwenye simu basi la Ulaya ambalo nyuma halitoi moshi bali mvuke, kama birika la chai. Wanasema basi hilo linakwenda kwa maji. Mmoja anashangaa, mwingine anacheka, wa tatu anauliza kwa nini serikali isituletee na sisi.

Swali hilo nimeulizwa na wanachama zaidi ya mara moja, na mwenye kuuliza hastahili kuchekwa. Mtu anayetumia nauli kila siku ya kazi ana haki ya kuuliza habari za basi. Jibu langu huenda lisiwapendeze wote. Mabasi hayo ya gesi tusiyatamani. Lililo karibu nasi, na lenye faida zaidi kwetu, liko Jinja. Lakini hata hilo la Jinja halitamfaa mfanyakazi ikiwa mfanyakazi mwenyewe atanyamaza.

Kwanza tuelewane juu ya basi lenyewe. Haliendi kwa maji. Linakwenda kwa gesi iitwayo haidrojeni, na gesi hiyo imo ndani ya maji. Ukipitisha umeme ndani ya maji kwa mitambo maalum, maji yanagawanyika: upande mmoja inatoka haidrojeni, upande wa pili hewa ya oksijeni. Haidrojeni inashindiliwa kwa nguvu kubwa sana katika mitungi iliyo juu ya paa la basi. Dereva akiondoka, gesi inaingia katika chombo kinachofanana na betri, inakutana na hewa, na hapo unazaliwa umeme wa kuzungusha magurudumu. Kinachobaki ni maji, ndiyo ule mvuke.

Sasa angalieni safari hiyo. Tulianza na umeme, tukaugeuza kuwa gesi, tukaishindilia gesi, tukaisafirisha, halafu ndani ya basi tukaigeuza tena kuwa umeme. Ni kama mahindi yanayopitishwa kwa wasagaji watatu, na kila msagaji anachota chake. Ukianza na madebe matatu, linalofika kwenye chungu ni moja hivi. Basi kubwa la mjini hutumia karibu kilo 8 za haidrojeni kwa kilomita 100, na kutengeneza kilo moja kwa umeme huhitaji yuniti 50 na zaidi. Hizo ni yuniti zaidi ya 400. Basi la ukubwa huohuo linalochajiwa betri moja kwa moja hutosheka na yuniti 130 hivi, kidogo zaidi au pungufu kufuatana na barabara na mzigo. Mtu aliyeishia darasa la saba kama mimi anaweza kuifanya hesabu hiyo kwa vidole.

Tena haidrojeni nyingi duniani haitengenezwi kwa umeme wa mito wala wa jua. Inatokana na gesi ya ardhini na makaa ya mawe, na moshi unabaki kule kiwandani. Basi linapita mjini likiwa safi, lakini uchafu umeachwa kwa jirani.

Wazungu wenyewe wamelijaribu jambo hili kwa muda mrefu, na hawakulifanya kwa mzaha. Mwaka 2003 ilianza kazi kubwa ya majaribio katika miji tisa ya Ulaya, ikiwemo London, Hamburg, Madrid na Amsterdam. Kila mji ulipewa mabasi matatu, jumla 27. Wakati huohuo Reykjavik, mji mkuu wa Iceland, nao ulipata matatu. Iceland ni nchi ya maporomoko na mabwawa ya umeme, kwa hiyo mfano wake unatugusa kuliko wa wengine. Walikuwa na umeme mwingi na safi wa kutengenezea gesi. Majaribio yalikwisha, na miaka mingi baadaye mji huo ulipotaka mabasi yasiyo na moshi, ulinunua ya betri.

Huko Aberdeen, Uskochi, waliendelea zaidi. Mwaka 2015 walipata mabasi 10 ya haidrojeni, kisha wakaongeza 15 ya ghorofa mbili, ambayo dunia nzima iliyapiga picha. Mwaka 2024 yale ya ghorofa yalisimama. Mabasi yalikuwapo na madereva walikuwapo, lakini kituo cha kujazia gesi kilikuwa na matatizo. Wiesbaden, Ujerumani, waliyaondoa mabasi yao 10 mwishoni mwa 2022, baada ya karibu mwaka mmoja tu, na huko pia kituo cha gesi kilikuwa kimeharibika. Montpellier, Ufaransa, walikuwa wameazimia kununua 51. Mnamo Januari 2022 meya akasitisha mpango, kwa sababu hesabu ilionyesha kwamba kuliendesha basi la gesi kungegharimu mara sita ya lile la betri. Huyo meya namsifu, kwani alipiga hesabu kabla ya kununua. Wengi hununua kwanza, wakakata utepe, hesabu ikaja baadaye na kumwangukia mlipa nauli.

Lakini tusiwe watu wa kusema upande mmoja. Karibu na Köln, Ujerumani, ipo kampuni ya mabasi ya umma yenye mabasi ya haidrojeni zaidi ya 100, na yanafanya kazi. Sababu mojawapo ni kwamba eneo hilo lina viwanda vya kemikali, na haidrojeni inapatikana huko kama mabaki ya kazi nyingine. Gesi ilikuwa mlangoni mwao kabla ya basi. Vilevile ni kweli kwamba mitungi ya gesi hujazwa kwa dakika chache, hali betri inahitaji saa kadhaa. Mwenye safari ndefu sana na mizigo mizito anaweza kuwa na sababu zake.

Hili la mlangoni ndilo ninalotaka tulishike. Basi linafuata chakula chake. Köln wana gesi. Sisi watu wa mashariki ya Uganda mlangoni mwetu pana nini?

Pana umeme. Bwawa la Owen Falls, ambalo sasa kituo chake kinaitwa Nalubaale, lilifunguliwa mwaka 1954. Kwa ajili ya umeme huo Nyanza Textile ilijengwa Jinja, na baba zetu wakatoka Bugisu, Bukedi, Busoga na hata ng'ambo ya mpaka kuja kutafuta kazi ya kusokota na kufuma. Baadaye kilikuja kituo cha Kiira, mwaka 2012 Bujagali, mwaka 2019 Isimba, na mwaka 2024 ikazinduliwa Karuma ya megawati 600. Leo nchi ina mitambo ya zaidi ya megawati 2,000, na usiku watu wakilala umeme mwingine hauna wa kuutumia. Wakati huohuo ziko nyumba chini ya nyaya hizo ambazo bado zinawasha tadooba. Jambo hilo lina makala yake, leo naliacha.

Na mlangoni mwetu pana kiwanda. Mwaka 2011 walimu na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Makerere walitoa gari dogo la umeme la watu wawili, wakaliita Kiira EV. Watu walicheka kidogo. Mwaka 2016 wakaonyesha basi la Kayoola lenye paneli za jua juu ya paa. Kazi hiyo ikawa shirika la serikali, Kiira Motors, likapewa eka 100 katika eneo la viwanda la Jinja, na mwaka 2019 ujenzi wa kiwanda ukaanza. Wamesema awamu ya kwanza inaweza kufikia magari 5,000 kwa mwaka. Mabasi yao ya umeme yalibeba wajumbe wa mkutano wa nchi zisizofungamana na upande wowote uliofanyika Kampala Januari 2024. Kampuni inasema basi lao la Kayoola EVS huchukua abiria 90 na kwenda kilomita 300 kwa chaji moja. Kutoka Jinja hadi Mbale kwa njia ya Tirinyi ni karibu kilomita 150. Yaani kwenda na kurudi, kama maneno ya kampuni ni kweli tupu na barabara haina matope, betri inarudi Jinja ikiwa imekwisha kabisa. Kwa hiyo mahali pa kuchajia pawe Mbale vilevile, na pawe mahali panapofanya kazi kila siku. Kituo kibovu ndicho kilichowalaza wenzetu wa Aberdeen.

Hapa nataka kuwakumbusha wazee, na kuwaambia vijana. Mashariki hii ilikuwa na mabasi yake. Kampuni ya People's Transport, tuliyoiita PTC, ilikuwa na makao yake Jinja, na Kampala walikuwa na UTC. Basi lilikuwa na ratiba, na karani aliweza kukuambia saa ya kuondoka. Miaka ya shida ilipokuja vipuri vikakosekana, magari yakawekwa juu ya mawe, na mwisho kampuni zote mbili zikafa. Hazikufa kwa sababu watu waliacha kusafiri. Tangu hapo tumebaki na taksi na boda boda, na nauli inapanda mvua ikinyesha, Krismasi ikikaribia, au dereva akiamka vibaya. Simlaumu dereva wa taksi. Naye ni mfanyakazi kama sisi; ana tajiri wa gari anayengoja fedha yake kila jioni, apate abiria asipate.

Nilipata kufanya kazi katika kiwanda kimoja, jina lake nalihifadhi, kilicholeta mashine mpya kutoka ng'ambo. Ilikuja na mafundi wawili wageni waliokaa wiki tatu. Walipoondoka waliondoka na vitabu vyote vya mashine. Siku ilipokatika kipande kidogo kisichozidi kiganja, mashine ilisimama miezi, na sisi tuliokuwa tukiiendesha tukaambiwa tukae nyumbani bila malipo. Mashine ilikuwa nzuri sana. Hata leo naweza kusema ilikuwa nzuri. Tangu hapo, nikionyeshwa chombo kipya huwa natafuta kwanza ni nani atakayekitengeneza.

Kwa hiyo namwambia ndugu anayefanya kazi kiwanda cha mabasi Jinja, na kijana anayetaka kuingia: wewe ndiwe jibu la swali hilo, lakini uingie kwa mkataba na kwa kadi ya chama. Usidanganywe kwamba chombo kipya kinalinda kazi ya mtu. Kiwanda cha Wrightbus huko Ballymena, Ireland ya Kaskazini, ni mashuhuri kwa mabasi, lakini Septemba 2019 kilianguka na watu wapatao 1,200 wakaachishwa kazi. Mwezi uliofuata tajiri mwingine alikinunua, na wengine wakarudishwa. Van Hool ya Ubelgiji, iliyotengeneza yale mabasi 10 ya kwanza ya Aberdeen, ilifilisika Aprili 2024. Sisemi haidrojeni ndiyo iliyoiua. Nasema kwamba basi la kisasa halikuwazuia mabwana hao kufunga lango. Wenzetu wa huko angalau walikuwa na vyama vyenye nguvu vya kuwasemea siku hiyo. Je, sisi tukifungiwa, nani atasema?

Wako na makanika wa dizeli. Gari la umeme halina pampu ya dizeli, halina nozeli, halibadilishwi oili ya injini. Fundi wa gereji ya Mbale aliyejifunza kwa miaka 20 kusikiliza injini kwa sikio atajikuta mbele ya gari lisilonguruma. Atupwe? Hapana. Achukuliwe sasa, kabla mabasi hayajawa mengi, afundishwe umeme wa nguvu kubwa na usalama wake, maana umeme wa basi si wa tochi, unaua. Chama cha wafanyakazi wa uchukuzi, ATGWU, kimekwisha kuwaingiza watu wa taksi na boda boda katika umoja, jambo ambalo wengi walisema haliwezekani. Mlango uko wazi wa kudai mafunzo hayo.

Msifikiri pia kwamba betri ni malaika. Kuna betri zinazotumia kobalti inayochimbwa Kolwezi kwa ndugu zetu wa Kongo, wengine kwa mikono na sururu, bila kofia ya chuma. Na chombo cha ndani ya basi la haidrojeni kinahitaji platini, na platini nyingi inatoka Afrika Kusini, kule Marikana ambako tarehe 16 Agosti 2012 polisi waliwapiga risasi na kuwaua wachimbaji 34 waliokuwa katika mgomo wa mishahara. Kila basi lina wafanyakazi ndani yake wasioonekana. Sisi wa chama tukisema linatupendeza, tuwakumbuke na hao.

Ndugu wa mashambani wataniuliza kama haidrojeni haina kazi yoyote kwetu. Inayo. Haidrojeni ikiunganishwa na hewa ya naitrojeni inakuwa amonia, na amonia ndiyo mama wa mbolea ya chumvichumvi inayowekwa katika miwa na mahindi. Kenya, katika shamba la Morendat karibu na Naivasha, umewekwa mtambo unaotengeneza amonia kwa umeme wa jua palepale shambani. Hapo naona maana, kwa sababu mbolea haiwezi kuchajiwa kwa waya. Kama wakubwa wetu wanataka haidrojeni kutokana na umeme wa Mto Naili, waielekeze huko, na waseme mapema watu wangapi wataajiriwa na kwa mshahara gani.

Mshahara ndio mwisho wa mambo yote haya. Katika nchi hii kima cha chini cha mshahara kilichowekwa mwaka 1984 kilikuwa shilingi 6,000 kwa mwezi. Shilingi 6,000! Mwaka 2019 Bunge lilipitisha muswada wa kima kipya, Rais hakuutia sahihi. Sasa chukueni mfano wa mtu anayelipa shilingi 2,000 kwenda kazini na 2,000 kurudi. Kwa siku 26 amelipa 104,000. Kila mmoja wenu aweke hesabu hiyo kando ya karatasi yake ya malipo, aone imemega kiasi gani kabla hajanunua hata kilo ya posho. Wenye kushindwa wanatembea kwa miguu gizani, na akina mama wanaotoka zamu ya usiku wanajua giza hilo lina nini.

Ndiyo maana nasema basi la umeme lipimwe kwa nauli na kwa saa, lisipimwe kwa rangi. Basi linalopita Nakaloke saa nne asubuhi likiwa na muziki na viti laini halimsaidii mtu wa zamu ya saa moja. Linalokwenda kwa umeme ambao ni rahisi kuliko dizeli, lakini likatoza nauli ya dizeli, limemnufaisha mwenye basi peke yake. Huko Nairobi kampuni ya BasiGo ilianza mwaka 2022 kuwapa wenye matatu mabasi ya umeme kwa malipo yanayohesabiwa kwa kilomita, ili wasilemewe na bei ya kununua basi zima. Njia kama hiyo vyama vya akiba vya wafanyakazi na vya madereva vinaweza kuiangalia. Waajiri nao wasijifiche. Mwajiri mwenye watu 500 katika eneo la viwanda la Mbale anaweza kukodi basi la kuwachukua na kuwarudisha, na jambo hilo liandikwe katika mkataba wa hiari baina yake na chama, kama tunavyoandika likizo na matibabu.

Mkitaka tulipeleke jambo hili mbele ya waajiri na ya NOTU, tunahitaji kitu cha kushika mkononi. Kabla ya mkutano ujao wa tawi, kila mwanachama aandike katika karatasi mambo manne tu: anakaa wapi, anaingia kazini saa ngapi, anatoka saa ngapi, na nauli anayolipa kwa siku. Asiyejua kuandika asaidiwe na mwenzake. Wa mashamba ya miwa waandike pia, hata kama wanabebwa kwa trekta. Waseme trekta hilo lina viti au hawana pa kukaa. Karatasi zikabidhiwe kwa shopu stuadi wa kila idara, naye azilete kwa katibu wa tawi. Mimi nitazipokea Nakaloke kila Jumamosi baada ya saa nane mchana.